Firigisi ya Mzee Tsuma

Daktari wa meno kule Msambweni alimwambia Mzee Tsuma kwamba gego lile lingeweza kuzibwa na likadumu miaka. Kuziba kulitaka auze mbuzi, na mbuzi wake walikuwa wamemalizwa na ukame. Kung'oa kulikuwa rahisi. Basi likang'olewa, kama mengine yaliyolitangulia, na mzee akarudi nyumbani na meno ya mbele tu, ya kuchekea, ingawa hakuwa na la kuchekea.

Mkaza mwanawe, Mapenzi, alikuwa amechinja kuku. Firigisi ni ya mkubwa wa nyumba, hata iwe ngumu namna gani, kwa hivyo akamwekea juu ya sima.

"Baba, ungengoja ganzi iishe kwanza."

"Ningoje mpaka lini? Hii ni haki yangu."

Alianza kuiguguna taratibu, uso umetulia kama wa mtu anayesikiliza redio.

"Leo mchuzi umekolea chumvi," akasema.

Mapenzi hakuwa ametia chumvi, kwani mzee alikuwa amekatazwa kwa sababu ya presha. Akamtazama kidevuni. Damu ilikuwa ikidondoka juu ya sima, na firigisi ilikuwa bado nzima. Mzee alikuwa anatafuna mdomo wake.