Mashine ya Gwakisa

"Injini yangu naondoka nayo."

"Ukiitoa hiyo injini, baba mdogo, umeua mashine."

"Mashine ipi? Hapa kuna vitu vya watu vimefungwa pamoja. Injini nilitoa mimi. Matairi shangazi yako. Ngoma ya kupukuchulia, binamu yako Sifaeli. Kila mtu achukue chake, tumalize."

Ndio kwanza tumevunja matanga ya kaka yangu Gwakisa, hapo kwake Mbalizi. Ng'ombe wa msiba walikuwa wameshamgawana, mguu kwa wakwe, kidari kwa wazee. Sasa wamekuja nyuma ya nyumba wanaiangalia mashine ya kupukuchua mahindi kwa macho yale yale.

"Ng'ombe mkimgawa mnakula," nikasema. "Hii mkiigawa mtakula nini?"

Shangazi Veneranda akacheka. "Na wewe fundi ulitoa nini?"

"Mimi na Gwakisa ndio tuliiunga. Wiki tatu tunachomelea, tunapanga shafti inyooke..."

"Ulitoa bolti. Tutakurudishia kwenye kopo."

Wakacheka wote, tena msibani. Joyness, mke wa marehemu, hakucheka. Alikuwa amekaa mlangoni na mtoto mgongoni. Hiyo mashine ndiyo inamlisha, na pale hakuna asiyejua.

Nikawachana ukweli wao. Kabla hatujaifunga, injini ya baba mdogo ilikuwa kwake Ipogolo inalaliwa na kuku. Matairi ya shangazi yalikuwa yanashikilia bati lisipeperuke. Hamna hata kimoja kilichowahi kupukuchua punje moja.

"Na wewe Sifaeli, ngoma yako ilitoboka mwaka juzi, tukaiuza chuma chakavu, tukaweka nyingine. Unadai ipi?"

"Nadai hiyo iliyokaa mahali pa yangu."

"Mahali gani, kama hamna mashine? Ngoma tulibadilisha, shafti tukabadilisha, watu bado wakasema twende kwa mashine ya Gwakisa, na kweli ilikuwa ile ile. Nyie leo hambadilishi hata nati, mnafungua tu, na haitakuwepo!"

"Maneno mengi," baba mdogo Jailos akasema, akaokota spana.

Mpaka saa sita vyuma vyote vilikuwa vimelala kwenye nyasi. Ndipo wakaingia jamaa wawili kutoka Iyunga na kigari chao cha kirikuu kimejaa mahindi.

"Mashine ya Gwakisa iko wapi?"

"Si hiyo hapo," shangazi akaonyesha nyasi.

Yule dereva akaangalia, akazunguka, akaangalia tena. "Mama, mimi naona vyuma."

Baba mdogo akakohoa, akanigeukia kwa sauti laini ambayo asubuhi hakuwa nayo. "Mwanangu, hebu vifunge mara moja, tusiwarudishe watu."

"Nafunga. Ila semeni kwanza, mbele ya hawa, kwamba ni ya Joyness. Sio kipande. Yote."

"Yake vipi?" shangazi akaruka. "Huyo hakutoa chochote!"

"Ndio maana nasema yote. Kipande hakutoa, lakini mashine ni ya mumewe."

Baba mdogo hakumwangalia Joyness hata mara moja. Akaninyooshea spana. "Funga kwanza. Hayo tutaongea baadaye."

Baadaye! Spana sikuipokea. Nikageuka, nikapita katikati ya vyuma vyao, nikaenda zangu.