Mbuzi wa Kiapo

…pungufu, wanapiga kelele, pungufu, pungufu, kila mwaka kelele hizo hizo, na mbuzi wa nani aliwahi kutimia uzito mbele ya watu wenye uchu wa nyama, hata angeletwa ng'ombe wangesema pungufu, ni utani wa ukoo, mimi mwenyewe nimewapigia wenzangu kelele hizo miaka yote kwa koo langu lote, kwa nini basi leo kila nikisikia pungufu namtazama mtoto badala ya mbuzi, mtoto huyo aliyebebwa na shemeji yangu Filagro, kaka wa mke wangu, anatafuna kamba ya hirizi yake, anatafuna tu, hajui kwamba sisi sote tumesimama hapa kwa ajili yake… "Hagnofilo, bwana we, mbuzi gani huyu, umemtoa kwenye mtego wa panya?" huyo ni mzee Stratio, hana jino lakini ndiye wa kwanza kuulizia paja, nacheka, nadhani nimecheka, midomo imefunguka, na mkono wangu umeshika pembe, pembe ina joto, kuhani amekwisha kumwagia mbuzi maji kichwani na mbuzi ametikisa kichwa, maana yake amekubali kuchinjwa, ndivyo tunavyosema, ingawa mimi naona alikuwa anajikung'uta maji, lakini ndivyo tulivyo watu wa Athene, tunamwagia mnyama maji kisha tunasema ameridhika mwenyewe, kilichobaki ni maneno yangu, nishike pembe hivi hivi niseme mbele ya Zeu wa Undugu kwamba mtoto huyu ni wangu, nimemzaa na binti wa raia niliyemwoa kwa haki, na kama nasema uongo niangamie mimi na nyumba yangu, maneno machache, mlevi anaweza kuyasema, wamekwisha kuyasema walevi wengi hapa… niangamie mimi na nyumba yangu, na nyumba yangu ni nani kama si huyo anayetafuna kamba, akiwa wangu kiapo ni kweli na laana haina kazi, asipokuwa wangu basi si wa nyumba yangu na laana itamruka yeye initafute mimi, ona nilivyofika, nimeanza kuwapigia miungu hesabu za wanasheria, na yeyote mwenye shaka desturi inamruhusu asogee, ashike kamba, amwondoe mbuzi madhabahuni, basi, hana haja hata ya kueleza, mbuzi akiondoka mtoto hana ukoo, hana shamba, hana sauti katika mji huu mpaka atakapokufa, na mama yake atarudishwa kwa Filagro na sanduku lake la nguo, yeyote mwenye shaka, na mwenye shaka ni mimi, haijasikika baba kumwondoa mbuzi wake mwenyewe, wangeisimulia mpaka wajukuu wao, lakini kamba hii hapa, miguu ninayo…

Mantitheo hapigi kelele. Wote wanapiga, yeye amesimama nyuma ya Stratio, amekunja mikono, anatazama chini, mtu anayecheka hata msibani, leo ardhi ina nini cha kutazamwa, jirani mwema Mantitheo, aliyenitunzia shamba nilipokuwa kwenye meli za vita, aliyepogoa mizeituni yangu, aliyeziba paa, kikulacho ki nguoni mwako, nilirudi na jua lilikuwa bado juu, nikafungua lango langu mwenyewe, mbwa wangu niliyemlea kwa mkono akanibwekea kama mwizi, akaja Mantitheo nyuma yangu kunisalimu, na mbwa akamtikisia mkia… mbwa husahau, alisema Timarete, umekaa sana baharini mume wangu, mbwa humjua anayempa mfupa, ndiyo, na nani mwingine alikuwa anapewa nini, sikusema hivyo, nilitaka kusema, nikala dengu zangu na mtoto akatambaa mpaka kwenye sahani ya tini akachukua moja, kwa mkono wa kushoto, akachukua nyingine, kwa kushoto, na Mantitheo ana shoto, kila mtu anajua, kwenye mieleka ya ujana alikuwa akitushinda kwa mkono huo huo… "Kitanda hakizai haramu!" nani kasema hivyo, nani, watu wanacheka, ni yule mpwa wa kuhani, anamtania mtu mwingine, si mimi, wanazungumza habari za mtu wa mtaa wa wafinyanzi, au wanajifanya wanazungumza habari zake, mtu hatupi jiwe kichakani bila kujua nani amelala humo, kitanda hakizai haramu, kweli, kitanda kimekaa kimya tu, hakuna anayekiuliza, mimi nililala nyumbani siku chache za mavuno ya zeituni, meli zikatengenezwa, tukaondoka, na mtoto akazaliwa mapema, wanawake wanasema mapema, mkunga anasema mapema, mkunga aliyelipwa na nani, na Filagro bila shaka, tazama Filagro anavyombeba, mbele mbele, amewageuzia watu uso wa mtoto, kama mtu anayeuza mtungi huku amefunika ufa kwa kiganja…

"Hagnofilo, tunakungoja," anasema kuhani, sauti ya upole, bado ya upole, na mimi nilimwuliza mke wangu mara moja tu, taa ilikuwa inawaka, sikumwuliza gizani, nilitaka nimwone uso, Timarete, mtoto ni wangu, akasema sijakudanganya, akainuka akaenda kwenye kitanda cha kufumia, nikasikia vijiti vinagongana, hakulia, ingekuwa afadhali angelia, nikabaki na neno lake mkononi nikiligeuza kama sarafu inayotiliwa shaka, maana sisi neno letu ni moja, pseudesthai, unalitumia kwa tapeli anayekuuzia divai ya maji na unalitumia kwa mzee aliyesahau siku ya soko, mtu akila kiapo akakivunja ni hilo, mtu akidanganywa ni hilo, mtu akitumaini mvua na mvua isije, matumaini yake nayo tunasema hivyo hivyo, yamemwendea kinyume, yamekuwa uongo, wenzetu wa lugha nyingine labda wana chungu kimoja cha uongo na kingine cha makosa, sisi tunapika vyote pamoja, na nahodha wetu Onetore alituambia maji ni marefu, pitieni, tukapita, mwamba ukapasua meli ubavu, wakafa wapiga makasia wa upande wa kulia, nilikuwa upande wa kushoto, na alipoletwa mbele ya jemadari akasema neno hilo moja, akimaanisha nilikosea, na sisi tuliosalimika tukampigia kelele neno hilo hilo, tukimaanisha umedanganya, umehongwa, tukamzomea kwa neno lililotoka kinywani mwake mwenyewe, na Onetore akatutazama tu mmoja mmoja, na mpaka leo sijui, yeye yuko chini kaburini na sisi tulishapiga kura, jiwe langu lilikuwa la kumtia hatiani, nilikuwa na uhakika gani, sikuwa na uhakika, nilikuwa na hasira… nahodha alijua au hakujua, hakuna mtu aliyepasua kifua chake akatazama, na kifua cha Timarete nani atakipasua, na changu, maana nikiapa sasa hivi, na mtoto ni wa Mantitheo, nitakuwa nimedanganya au nimekosea, mtu mwenye shaka akiapa anaapa nini, anaapa shaka yake, na Zeu ataichukuaje, ana mizani ya mbuzi hapa, ana mizani ya hilo…

Mbuzi anavuta, tulia wewe, watu wamepunguza kelele, wameanza kuona kwamba nimekawia, Filagro amenikazia macho, jicho la sema-basi, jicho la usitutie aibu, na Mantitheo ameinua uso, ameinua, ananitazama, ana huzuni au ana hofu, uso wa mtu mwema mwenye wasiwasi na uso wa mwizi mwenye wasiwasi ni uso mmoja, nimwondoe mbuzi, hatua chache tu, nipite katikati yao, nione nani atashangaa na nani hatashangaa, hapo ndipo nitajua, ndiyo, wasioshangaa ndio waliokuwa wakijua, nitawahesabu… "Haya, ameanza!" mzee Stratio huyo, anamgonga mwenzake kiwiko, "ya baba yake hayo! Mnamkumbuka marehemu Euktemoni? Siku alipomleta huyu huyu Hagnofilo alisimama na mbuzi mpaka mbuzi akala shada la kuhani! Akalimaliza, na majani yake!" wanacheka, wanapumua, wamepata njia ya kupumua, na mimi nacheka nao kwa mazoea, kwa sababu hadithi hiyo nimekua nayo, haijapita sikukuu Stratio asiisimulie, Euktemoni na mbuzi na shada, baba alikuwa mzito wa maneno bwana, alisahau kiapo, alibanwa na haya, kila mwaka sababu mpya, baba naye akicheka pembeni kwa midomo tu, na nilipokuwa mdogo nikaipeleka nyumbani nikamsimulia mama, huku nikiigiza mbuzi anavyotafuna, mama akainuka katikati ya hadithi kwenda kutazama mkate, na mkate ulikuwa umeshaiva, ulikuwa mezani, tulikuwa tunaula…

Mkate ulikuwa mezani… kwa nini aliinuka… baba hakuwa mzito wa maneno, baba aliwatetea watu wawili mahakamani bila kusoma popote, baba angeweza kuapa kiapo hiki akiwa usingizini, baba alisimama hapa, jiwe hili hili la madhabahu, ameshika pembe, mimi mikononi mwa mjomba, watu wanapiga kelele pungufu, pungufu, na baba hasemi, hasemi mpaka mbuzi anakula shada zima, mtu anafikiri nini kwa muda huo wote… ninajua anachofikiri, mimi peke yangu katika watu wote hawa wanaocheka, ninajua neno kwa neno, "pua hii imekuja na upepo gani," Stratio huyo huyo, amenivuta pua hii tangu utotoni, sina pua ya baba, sina pua ya mama, utani, utani wa ukoo, na siku ile mama aliponiahidi andazi la asali halafu asininunulie, nikamwambia neno hilo, unadanganya, nikalisema kama watoto wa mtaani wanavyolisema, na baba, ambaye hakuwahi kunigusa, hakumpiga hata punda, alinizaba kofi nikaona giza, kisha akachuchumaa mbele yangu, akasema, "Neno hilo haambiwi mama yako ndani ya nyumba hii. Sema amesahau. Sema hakuweza. Sema hata mvua imemzuia, lakini hilo usiseme, umesikia mwanangu?" mvua, na ilikuwa kiangazi, nikasema nimesikia baba, nami nilidhani ni adabu, miaka yote nimedhani baba alikuwa ananifundisha adabu… hakulitamka yeye mwenyewe, sikumbuki kumsikia akilitamka nyumbani hata kwa habari ya mawingu, alilifungia nje kama mbwa mkali, ili aweze kulala humo, ili mama aweze kulala, ili mimi nilale, ee baba, na wewe ulimwona Mantitheo wako amesimama nyuma ya nani, alikuwa nani, yuko hai, ameniita kijana wangu mara ngapi sokoni nikamwitikia kwa heshima, hapana, hapana, ondoka hapo Hagnofilo, shaka ni mchwa, ukiipa mlango mmoja inakula mpaka kizingiti, sasa hata kaburini kwa mama inataka kuingia, mama yangu aliyezikwa pale kando ya barabara na utepe wangu wa mwaka huu juu ya jiwe lake…

Kwa hiyo sijui. Sikuwa najua nilipoamka, na sasa sijui mara mbili, nina hasira, nina hasira na Stratio na mdomo wake, nilikuja hapa nikijua angalau mimi ni nani na nikimwuliza mtoto yeye ni nani, na sasa tumelingana, yeye na mimi, tunatafuna kamba moja, kama baba angefuata shaka yake hatua chache zile, mbuzi nyuma yake, nisingekuwa na shamba la kutunziwa wala meli ya kupandia wala mbuzi wa kumshika, nisingekuwa na jina la kutilia watu wengine shaka, baba alisimama mpaka shada likaisha, kisha akasema, alijua au hakujua, alidanganya au alikosea au alisema kweli tupu, kaburi lake halisemi, na mimi nimekula mkate wa kiapo chake maisha yangu yote na haujanikwama kooni hata siku moja… "Hagnofilo," kuhani, upole umemwisha, "unaapa au huapi?" na Mantitheo amefungua mikono yake, nauona ule wa kushoto, nautazama, bado unaniuma, sitasema hauniumi, utaniuma kesho na utaniuma akipitisha ndoo juu ya ukuta, na mtoto amechoka na kamba, ameitema, ananyoosha mkono kwa mbuzi, kwa kushoto, ndiyo, kwa kushoto, anataka ndevu za mbuzi, na mbuzi anamnusa vidole, mwangalie asikuume mwanangu… nimesema mwanangu, kimoyomoyo, hakuna aliyesikia, hata kuhani, aliyenizaa simjui kwa yakini, aliyenishikia mbuzi namjua, pembe ina joto, Stratio anapaza sauti, "Tazama shada lako, kuhani, litaliwa!" na wanacheka, na mimi bado sijafungua kinywa.