Mawe ya Kristo Mfalme

Mtaa wetu hapa Mfaranyaki unateremka, na kila kinachomwagwa juu hufika chini. Juu wako mafundi wa bodaboda na oili yao chafu. Chini kabisa yupo Bi Mwanahawa na kisima chake. Mimi, Otto, nipo katikati na cherehani yangu barazani, na sina sifa nyingine ya kutaja.

Kisima kile alikichimba marehemu mumewe, Abuu, walipohamia kutoka Tunduru. Alikichimba mwenyewe kwa sururu, miezi miwili, na mwaka uliofuata akafariki. Nyumba sita zilikuwa zinachota hapo bure, na Bi Mwanahawa alikorogea vitumbua vyake maji hayohayo. Tabu ilikuwa mvua. Ikinyesha, maji ya barabarani yalishuka na oili, mifuko na kila takataka, yakapanda ukingo wa kisima na kuingia. Bwana afya alikuja mara mbili kupima. Mara ya pili alisema mbele yetu sote: "Nikikuta mafuta tena, mama, nakifukia."

Ndipo alipoletwa Valence, bwana miti, Mmatengo wa Mbinga, kijana wa maneno machache na mabuti makubwa. Alipanda mijohoro kumi na minne kando ya barabara, ila si kama tunavyopanda sisi. Alichimba mashimo mapana, akaweka kokoto, kisha mchanga, kisha udongo wenye mboji, akauacha udongo ukae chini ya usawa wa barabara kiasi cha futi moja. Mbele ya kila mti aliukata ukingo wa barabara ili maji yapate pa kuingilia. Pale palipokatwa alipaita mdomo.

"Miti gani hii inapandwa kaburini?" nilimuuliza.

"Kwetu tunalima ngolo, mzee," alijibu. "Mlima mzima ni mashimo. Maji yakishuka yanaingia, yanatulia, yanazama taratibu, uchafu unabaki juu. Na hapa itakuwa hivyohivyo. Nyie msizibe mdomo tu."

Tulimcheka. Lakini mvua za Aprili zilipokuja, maji ya kisima yalibaki safi. Bi Mwanahawa alipandisha glasi moja mpaka barazani kwangu nione.

Sasa, mwishoni mwa Novemba huwa tuna sikukuu ya Kristo Mfalme. Siku hiyo sisi Wakatoliki tunaandamana na Ekaristi mitaani, padre ameishika, watoto mbele wakimwaga maua, na mtaa usiopambwa vizuri husemwa mpaka Pasaka. Safari hii njia ilipangwa kupita kwetu, na mwenyekiti wa jumuiya ni Notburga, jirani yangu wa pili. Notburga hufagia mbele ya nyumba yake mara mbili kwa siku. Simlaumu. Wengine hatufagii hata mara moja.

Alhamisi alisimama kando ya barabara akayatazama yale mashimo, akatikisa kichwa.

"Padre akitumbukia humu na Ekaristi mkononi?"

Ijumaa tukaleta kifusi, tukajaza mashimo yote mpaka yakalingana na barabara, tukashindilia. Kisha tukazungushia kila mti mawe na kuyapaka chokaa, kama kwenye ofisi za serikali. Mawe makubwa yalikaa vizuri sana kwenye ile midomo. Mimi mwenyewe nilisukuma toroli nane. Ningependa kusema nilikuwa nimesahau maneno ya Valence. Ukweli ni kwamba niliyakumbuka kwenye toroli ya tatu, nikasimama, nikajiambia tutazibua Jumatatu.

Maji ya kukorogea chokaa tulichota kwa Bi Mwanahawa. Alitupa ndoo na kamba, akasimama mlangoni kututazama. Alitazama muda mrefu.

"Inapendeza, jirani," alimwambia Notburga. "Mwenyezi Mungu awatakabalie." Akaingia ndani.

Jumapili maandamano yalipita salama, hakuna aliyetumbukia. Saa tisa mchana, watu bado wanakula, ikashuka mvua ya kwanza ya msimu kutoka upande wa milima ya Matogoro, na haikuwa ya kubembeleza. Nikaona maji meusi yakifika mti wa kwanza, yakagonga mawe, yakapita. Mti wa pili vilevile. Notburga alitoka mbio na sare yake ya kanisani, akaanza kung'oa mawe kwa mikono. Nikamfuata na jembe. Tulifanikiwa kuzibua miti mitatu. Kifusi kilikuwa kimeshindiliwa sawasawa, maana tuliifanya kazi ile kwa moyo wote. Maji yalitupita yakashuka chini.

Bwana afya alikuja Jumatano na chupa zake. Wiki iliyofuata kisima kikafukiwa. Bi Mwanahawa alisimama pembeni mpaka udongo ukafika juu, akawashukuru vibarua, akawapa vitumbua.

Kesho yake alipita mbele yangu na ndoo, akipanda kwenda kwenye kioski cha maji. Notburga, ambaye ana bomba uani, akamkatiza njia.

"Jirani, siku ile uliona tunaziba?"

"Niliona."

"Ukanyamaza?"

"Ni ibada yenu. Ningesema nini, mtoe mapambo ya Mungu kwa ajili ya kisima changu?"

"Miaka kumi na miwili tunaishi pamoja, jirani! Mimi ni mtu wa kutoambilika?"

"Yamepita. Ni mipango ya Mungu."

"Basi chota kwangu. Bomba lipo."

"Ahsante, jirani. Nitakuja."

Hakwenda. Wiki mbili nzima alipita na ndoo yake, anasalimia, anaulizia watoto, anaendelea kupanda. Hakukuwa na kosa lolote katika salamu zile, na ndiyo maana zilimuumiza Notburga. Miti tulishaizibua yote. Valence alikuja kutusimamia, akapima kina cha kila shimo kwa buti lake.

Jumanne moja Notburga aliliacha bomba lake, akachukua ndoo, akapanga foleni kioskini nyuma ya Bi Mwanahawa. Mimi nilikuwa nyuma yao na dumu langu.

"Maji yamekatika kwako, jirani?" Bi Mwanahawa aliuliza.

"Hayajakatika."

"Sasa?"

"Nangoja uniambie."

Foleni ikasogea. Bi Mwanahawa aliisukuma ndoo kwa mguu.

"Niliudhika," alisema, bila kugeuka. "Kisima cha Abuu. Niliudhika sana, Notburga, na bado."

"Eeh," Notburga alisema. Machozi yalikuwa yanamtoka mbele ya foleni nzima, wala hakuyafuta. "Sema yote."

"Wewe hukujua. Ulitaka padre asianguke." Hapo ndipo akageuka, lakini hakumtazama Notburga. Alinitazama mimi. "Lakini huyu alijua. Alisimama na toroli akauangalia mdomo wa mti, kisha akamwaga. Nilikuwa mlangoni tangu mlipoanza, Otto. Nilingoja useme wewe, maana ni ibada yako."

Watu wote wa foleni ile wakanigeukia. Nililiweka dumu chini.

"Nilijua," nikasema.