Maji ya Nyuma ya Ukuta

Wanaosema kwamba hapa kisiwani Lombok hakuna tena mabwana na watwana hawakuwepo siku alipokufa mama yake Nurisah.

Baiq Nurisah ni mke wa mdogo wangu, Sahnun. Hilo "Baiq" ni jina la damu ya wakubwa. Sisi ni wakulima wa tumbaku. Walipooana, baba yake, Lalu Wiradarma, alikataa kuwa walii. Kadhi akafungisha ndoa, halali kabisa. Baba mtu akatangaza kwamba binti ametupwa. Kwao neno hilo lina maana moja: hana mlango tena, si kwa sikukuu, si kwa msiba.

Habari ilitufikia asubuhi. Nurisah alichukua chanuo tu, chanuo la pembe alilokuwa akimchania mama yake tangu utotoni. Sahnun akajitwika mchele wa rambirambi. Getini kwa baba mtu alisimama binamu yake Nurisah.

"Rudini na mchele wenu. Au mmekuja kukagua urithi?"

"Kaka, nimekuja kumwosha mama," Nurisah alisema. "Nikimaliza naondoka. Hata maji sinywi."

Mzee Wiradarma akatoka, macho mekundu. Mimi sikuweza kunyamaza.

"Mamiq," nilimwambia, maana ndivyo wakubwa wanavyotaka tuwaite, "Ijumaa tulisali bega kwa bega. Imamu akasema hakuna damu iliyo bora kuliko nyingine, nawe ukaitikia amin, nilikusikia. Bega langu lilikuchafua?"

"Msikitini ni kwa Mungu," alisema. "Hapa ni kwangu."

Geti likafungwa.

Nilikuwa na maneno mengine, makali zaidi. Nurisah akanishika mkono. "Shemeji, basi. Sikuja kushindana."

Akazunguka nyuma ya ukuta, palipo na bafu. Tukamfuata. Maji yalikuwa yakimwagwa ndani, na wanawake wakinong'ona. Nurisah akaweka mdomo karibu na matofali.

"Jamani mnaoosha! Nyuma ya sikio la kushoto ana kidonda. Taratibu hapo. Na nywele zake zinakatika, msizivute."

Ikaja sauti ya mama mmoja, ndogo: "Nimekiona, mwanangu. Nakwenda taratibu."

"Msimjibu!" mzee alifoka.



Maji yakaanza kutoka kwenye mfereji chini ya ukuta, yakinukia karafuumaiti. Nurisah akapiga magoti, akatia mikono yote miwili, akaiacha humo mpaka maji yakakauka. Chanuo lilikuwa kifuani, ndani ya nguo.

Adhuhuri tulisalia jeneza msikitini. Safu zilipopangwa, mzee akajikuta kando ya Sahnun. Akasogea, akaziba nafasi, bega kwa bega, kama dini inavyotaka. Wote wawili walilia. Baada ya salamu mzee akampita kana kwamba alikuwa amesimama kando ya nguzo.

Magharibi nilimkuta Nurisah kibarazani kwetu, ndoo ya maji mbele yake, viganja vikiwa puani.

"Hujatawadha?"

"Nikitawadha, shemeji, harufu ya mama itaondoka."

Alikaa hivyo mpaka adhana ikaisha. Kisha akatia mikono ndooni.