Kilo Mbili za Maji

Niliota jana usiku nimenyimwa umeneja kwa kupungua kilo nne.

Nieleze kwanza. Mimi ni kaimu meneja wa shamba la chai huku Rungwe, mwaka wa nne sasa. Kaimu maana yake kazi ya meneja unaifanya yote, mshahara wa meneja unapewa nusu, na nyumba ya meneja unaipita kwa nje. Elimu yangu ni darasa la saba. Chai naijua kuliko anayeiuza na anayeinywa. Barua ya kampuni ilisema usaili ni Alhamisi saa tatu asubuhi, waombaji wengine wana shahada, ila uzoefu wa kila mwombaji utapimwa. Nikalala bila wasiwasi. Kwa uzoefu, nani wa kunishinda?

Nafika ofisini, nafungua mlango. Ndani si ofisi. Ni banda la mizani la kitalu namba kumi na nne, na ukungu umeingia umekaa kwenye benchi kama mgeni. Mezani wako watatu. Katikati ni Mizani, ile ya kuning'inia yenye uso kama saa ya ukutani, kavaa tai. Kulia kwake Kisu cha kupogolea. Kushoto Buti la mpira, mguu wa kushoto peke yake.

"Karibu, Ambakisye Mwakibete," Mizani akasema. "Umeleta uzoefu?"

"Nimeleta."

Kweli, nina kikapu mgongoni. Miaka yangu ishirini na sita imo humo, mibichi, inanukia.

"Mwaga."

Nikamwaga mezani. Buti akaanza kuchambua. Kanuni ya kuchuma ni majani mawili na chipukizi lake; kinachozidi hapo ni kigumu, kinatupwa. Akaokota mwaka mmoja akaugeuza. Sijui aliuokota kwa kitu gani, maana hana mikono.

"Huu una majani matano."

"Ndio mwaka niliooa."

"Mgumu. Tupa."

"Huo hautupwi. Mke wangu yuko nyumbani mpaka leo."

Kisu akauinamia. "Ukipogolewa utafaa," akasema, akakata miezi mitatu ya mwanzo, ile ya kugombana na wakwe. Sikupinga.

"Na mshahara unakwendaje?" nikauliza. Mtu akienda kwenye usaili asipouliza hilo, ajilaumu mwenyewe.

"Kwa kilo," Mizani akasema. "Kuanzia themanini ni meneja. Nyumba, gari, mshahara kamili. Chini ya hapo ni nyapara. Baiskeli."

"Na wenye shahada?"

"Tumepima moja asubuhi. Gramu mia mbili, pamoja na fremu."

Nikaona mambo yangu yamekaa vizuri.

Ndoano ikanishika kola ya shati, nikapanda juu na kikapu changu nimekikumbatia. Mshale ukazunguka, ukasimama. Themanini na nne.

"Ile nyumba ipakwe rangi ya kijani," nikasema nikiwa huko huko juu. "Na funguo za gari nizipate leo."

"Bado," Mizani akasema. "Tunatoa maji."

"Maji gani? Mimi ni mkavu."

"Kilo mbili kwa kila mwaka wa ukaimu. Miaka minne, kilo nane. Umebaki sabini na sita. Nyapara. Aje anayefuata."

"Hii ni Oktoba inaisha. Hakuna mvua tangu Mei. Unakataje maji wakati wa kiangazi?"

Mizani akanitazama kwa uso wake wote, namba zote mia moja. "Ni amri ya shamba. Imebandikwa hapo ukutani. Soma sahihi."

Nikasoma. Sahihi ni yangu.

Hiyo amri ipo, sikuizua ndotoni. Ulikuwa mwezi wangu wa kwanza wa ukaimu, Aprili, mvua haikatiki. Jani lililolowa lina uzito wa uongo, na kampuni hailipi maji. Nikamwandikia Gwakisa, karani wa mizani: toa kilo mbili kwa kila kikapu. Mvua ikaisha. Amri haikuisha. Niliona kwamba haikuisha. Mwisho wa mwaka gharama ya uchumaji ilikuwa imeshuka, makao makuu wakanipongeza, posho yangu ya ukaimu ikapanda. Baada ya hapo sikuigusa tena. Na barua yangu ya kuomba umeneja, mstari wa kwanza kabisa, inasema hivi: nimeshusha gharama ya uchumaji miaka minne mfululizo.

Nikiwa bado naning'inia, banda likaondoka. Halikubomoka. Liliondoka tu, kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha sufuria jikoni. Chini yangu ni njia ya katikati ya michai, na foleni ya wachumaji wote mia moja na themanini, vikapu mgongoni. Aliyetangulia ni Mama Lusekelo. Huyo ndiye aliyenifundisha kuchuma nilipokuja hapa na miaka kumi na saba, nikiwa nakwanyua matawi mazima.

"Shuka, Meneja, chai inanyauka," akasema.

"Wamenikata maji, Mama."

"Pole. Kiasi gani?"

"Kilo nane."

"Mara moja?" Akageukia wenzake. "Jamani, Meneja kakatwa kilo nane."

Foleni ikacheka kwa adabu, khanga mdomoni.

"Mleteeni kiti, asije akazimia," sauti ya nyuma ikasema.

"Kwenye kiti ataenea vizuri siku hizi," mwingine akajibu.

Nikawaacha wacheke. Nikamuuliza Mama Lusekelo yeye hukatwa ngapi.

"Mbili asubuhi, mbili jioni. Unaniuliza mimi, na umeandika wewe?"

"Kwa nini hukuja kuniambia?"

"Nilikuja. Mwaka juzi, nikasimama mlangoni kwako na kikapu changu kikavu. Ukaniambia nilete malalamiko kwa maandishi. Mimi sijui kuandika, Ambakisye. Na wewe unajua kwamba sijui."

Hilo lilitokea kweli, mchana, macho yangu yakiwa wazi. Ndoto haikubadilisha hata neno moja.

Nikamgeukia Mizani. "Futa hiyo amri."

"Ukiifuta, gharama inapanda. Mstari wako wa kwanza unaanguka. Utaingia kwenye usaili na darasa la saba."

"Nitaingia na miaka ishirini na sita. Futa."

"Na kilo zako nane hazirudi," Mizani akasema. "Kwenye shamba hili maji yakishakatwa hayarudishwi. Hakuna fomu yake."

"Mimi ndiye niliyetakiwa kuitengeneza."

"Wewe ndiye."

"Basi niteremshe. Nina usaili saa tatu."

Akafungua ndoano. Nikaanguka kitandani.

Mke wangu, Mama Sekela, alikuwa amekaa ananitazama.

"Ulikuwa unaongea na nani?"

"Na mizani."

"Haya. Amka uvae, kumekucha."

Nikavaa suruali ya suti, ile niliyoivaa kanisani Jumapili ikanikaa sawasawa. Ikateremka mpaka magotini. Nikakaza mkanda, ukaingia matundu mawili zaidi.

"Baba Sekela, umekonda lini?"

Mimi nilikuwa nimelishika shati la usaili, lililokuwa limetundikwa ukutani usiku kucha. Kwenye kola lina tundu linaloingia kidole, na pembeni ya tundu kuna kutu.

Nikapitia kitalu namba kumi na nne. Gwakisa alikuwa ndio kwanza anafungua daftari.

"Nipime," nikamwambia.

"Wewe, Meneja?"

"Kwani unamwona nani mwingine?"

Nikashika ndoano kwa mikono miwili nikakunja miguu. Akasoma, akaandika. Nikainua macho kuhakikisha. Mshale ulikuwa umesimama sabini na sita. Nikashuka, daftarini ameandika sabini na nne.

"Hiyo mbili iko wapi?"

"Nimetoa maji, Meneja," Gwakisa akasema. Hakuwa anatania. Mkono wake umeshazoea.

Nikaibandua amri ukutani nikaitia mfukoni. Nikamwambia kuanzia leo anaandika anachokiona, na siku mvua ikinyesha aniite nije kulishika jani kwa mkono wangu. Mama Lusekelo alikuwa amefika na kikapu cha kwanza. Kilo kumi na saba. Gwakisa akaandika kumi na saba. Mama Lusekelo akalitazama daftari, akanitazama mimi, akaitazama na suruali yangu, akarudi kwenye michai.

Sasa ni saa tatu kasorobo, nimekaa kwenye benchi nje ya ofisi. Kando yangu kuna bwana mmoja ana shahada yake kwenye bahasha. Ameniamkia vizuri. Ninaingia kabla yake na siogopi, kazi hii ni yangu kuliko yake. Ila mstari wa kwanza wa barua yangu nimeukata kwa kalamu, na chini yake nimeandika hesabu nitakayowasomea, wasije wakaisikia kwa mwingine.

Kilo nne kwa siku. Siku ishirini na sita kwa mwezi, miezi mitano ya kiangazi: mchumaji mmoja, kilo mia tano ishirini. Viangazi vinne: kilo elfu mbili na themanini. Wachumaji mia moja na themanini: kilo laki tatu, sabini na nne elfu na mia nne, zote kavu.

Kwangu mimi, kilo nane.