Watu Tisa wa Wodi ya Nne

Watu walimwita Bi Kurasa, naye hakuchukia. Alikuwa fundi cherehani, mshonaji wa sare za shule, na chumba cha mbele cha nyumba yake ndicho kilichokuwa duka: cherehani mbili, meza ya kukatia, na ukutani karatasi za vipimo zimetundikwa kwenye msumari mmoja. Mteja aliyeingia bila kubisha hodi mara nyingi alimkuta ameinamia kitabu, kitambaa kimelala magotini. Alisoma historia na maisha ya watu. Hadithi za kubuni hakuzitaka. "Uongo naupata bure kwa wateja," alikuwa akisema. "Kila mmoja anaapa hajanenepa."

Akimaliza kitabu, aliandika maoni yake kwenye daftari, mistari michache tu. Kuhusu jenerali mmoja aliandika: "Vita vimeelezwa vizuri, ila mpaka mwisho sijajua askari walikula nini." Kuhusu tajiri mmoja: "Mkewe ametajwa mara mbili, siku ya harusi na siku ya mazishi." Kuhusu mwanasiasa fulani: "Mwandishi anampenda mno mtu wake. Kurasa mia tatu, na hajapata hata mafua."

Mtu mwingine pekee aliyelisoma daftari hilo alikuwa mkutubi wa maktaba iliyo nyuma ya posta, bwana mwembamba aliyecheka kimyakimya mpaka mabega yakatikisika. Yeye ndiye aliyemwekea kando kitabu kipya, maisha ya Daktari aliyeiongoza hospitali ya zamani ya mji ule kwa miaka ishirini na sita.

"Mwandishi mwenyewe atakuja Jumamosi ya wiki ijayo, kuzungumza na wasomaji," mkutubi alimwambia. "Nataka wewe ufungue mazungumzo. Wengine watakisifu kabla hawajakifunua."

"Mimi nitasema ninachokiona."

"Ndiyo maana nimekuchagua."

Bi Kurasa alifurahi, na zaidi kwa ajili ya shangazi yake. Shangazi, dada mkubwa wa baba yake, alikuwa na umri wa miaka themanini na mmoja na aliishi naye katika chumba cha nyuma. Alikuwa muuguzi mstaafu, na miaka kumi na mmoja alifanya kazi chini ya Daktari yuleyule. Macho yake yalikuwa yamezibwa na mtoto wa jicho, kusoma hakuweza tena, lakini vidole vilikuwa bado na akili zake. Alikaa kwenye kiti karibu na dirisha akimfumulia mpwa wake mishono iliyokosewa, wembe mkononi, na hakuwahi kukata kitambaa.

Wakaanza kukisoma asubuhi, kabla wateja hawajafika. Bi Kurasa alisoma kwa sauti, Shangazi akasahihisha.

"Alitumia mkono wa kushoto. Hawakuandika?"

"Bado, Shangazi."

"Na hapo wanasema alinguruma? Simba gani huyo? Sauti yake ilikuwa ndogo. Ukitaka kumsikia sharti unyamaze, ndiyo maana wodi nzima ilinyamaza."

Walicheka sana asubuhi hizo. Bi Kurasa aliandika kwenye daftari kwamba mwandishi amefanya kazi safi, kwamba amechimba, na kwamba lugha yake haina madoido. Kisha wakafika sura ya tisa, mwaka wa mafuriko, kipindupindu kilipoingia mjini. Akasoma: "Ndipo Daktari akachukua uamuzi mgumu wa kishujaa. Aliifunga wodi ya nne, ambako ugonjwa ulikuwa umeota mizizi. Wote waliokuwamo walikuwa wamekwisha kufariki. Kwa kitendo hicho mji uliokoka."

Mkono wa Shangazi ulisimama.

"Rudia hapo."

"Kwa kitendo hicho mji..."

"Si hapo. Pale pa wote waliokuwamo."

Bi Kurasa akarudia. Shangazi aliuweka wembe mezani, akapapasa ukuta, akaenda chumbani kwake na kufunga mlango. Siku mbili alikula kidogo na kujibu ndiyo na hapana tu. Mpwa wake alidhani ni presha, akamletea dawa. Aliinywa bila kuuliza ni ya nini.

Asubuhi ya tatu alitoka mwenyewe, akakaa kitini pake, mikono mitupu.

"Walikuwa tisa," alisema.

"Kina nani, Shangazi?"

"Ndani ya wodi. Tisa, wanapumua. Na ufunguo niliugeuza mimi."

Bi Kurasa alisogeza kigoda akakaa karibu naye. Shangazi alisimulia kama anayesoma faili la mgonjwa, pole pole, bila kupanda wala kushuka. Maji ya dripu yalikuwa yamebaki chupa thelathini, barabara imekatwa na mafuriko, na wodi ya watoto ilikuwa na watoto ishirini na wawili. Daktari alisimama ukumbini, akaziangalia zile chupa, akasema zote ziende kwa watoto. Jamaa za wagonjwa walikuwa wakiingia wodi ya nne kuwabeba watu wao, na kila aliyebebwa alipeleka ugonjwa mtaa mwingine. Kwa hiyo akasema mlango ufungwe.

"Aliniambia, Sista, funga. Nikafunga. Siku ile nilizunguka kwa dirisha la nyuma na ndoo ya maji yaliyochemshwa, nimetia chumvi na sukari. Aliyeweza kuinuka alinyoosha mkono, akamnywesha na mwenzake. Siku ya pili nilikwenda tena. Siku ya tatu asubuhi rafiki yangu, tuliyekuwa tukilala chumba kimoja, akaanza kutapika. Saa sita mchana akafa. Sikwenda dirishani siku ile."

"Ulikuwa umechoka, Shangazi."

"Niliogopa. Usinitafutie neno lingine." Akaendelea. "Siku ya nne Daktari mwenyewe alifungua. Wawili walikuwa hai. Alikaa kwenye ngazi, akavua miwani akaisahau pale chini, nikampelekea. Hakuwa mtu mbaya, mwanangu. Watoto kumi na tisa walipona. Hata mimi ningewapa watoto zile chupa. Lakini huyu mwandishi asiseme chumba kile kilikuwa cha maiti."

Miaka yote Bi Kurasa alikuwa amewahukumu watu wa vitabuni akiwa amekaa kwenye kiti chake na chai pembeni. Huyu daftari lisingemtosha.

"Uliandika nini kuhusu kitabu hiki?" Shangazi aliuliza.

"Kwamba amefanya kazi safi."

"Basi ongeza."

"Nitasema kulikuwa na watu ndani. Nitasema muuguzi mmoja aliamriwa kufunga. Jina lako halitatoka kinywani mwangu."

"Muuguzi mmoja ndiye mimi. Ukinificha mimi, utakuwa umefanya alichofanya huyo mwandishi."

Siku ile Shangazi alimwandikisha wote tisa, kitanda kwa kitanda, jina na kazi. Fundi viatu. Muuza maziwa na binti yake aliyekuwa ameposwa. Seremala. Karani wa posta. Mzee mmoja kiziwi aliyekuwa akicheka hata akidungwa sindano. Mwashi. Wapagazi wawili, mtu na ndugu yake. Mmoja wa wale wapagazi jina lake lilimpotea, akahangaika nalo mpaka jioni, lisirudi. Akasema liachwe wazi, lisibuniwe.

Jumamosi chumba cha maktaba kilijaa. Mwandishi, mwalimu wa historia mstaafu, alikaa mbele na koti lake limefungwa vifungo vyote. Bi Kurasa alisimama, akakisifu kitabu pale palipostahili, kisha akafunua sura ya tisa na kueleza yote, bila kumficha Shangazi.

Mwandishi alimsikiliza mpaka mwisho. "Mama, ninayo ripoti yenye sahihi," alisema kwa upole. "Na kumbukumbu ya mtu wa miaka themanini na mmoja, tuseme ukweli, huchakaa."

"Ripoti hiyo aliiandika Daktari mwenyewe, umesema hivyo kitabuni. Zaidi ya yeye ulimuuliza nani?"

"Mkewe. Waziri wa wakati ule. Madaktari wawili."

"Na wauguzi?"

Mwandishi aligeuza kurasa kana kwamba jibu limo humo. "Wengi wamekufa," alisema.

"Mmoja yuko kwangu. Anafumua mishono dirishani."

Watu walinung'unika. Wapo waliosema wazi kwamba si vizuri kumchafua marehemu ambaye hawezi kujitetea. Ndipo fundi saa wa sokoni, mzee wa heshima, akainuka kwenye safu ya nyuma. Wengi walidhani anataka kumtetea Daktari, maana kila mwaka yeye ndiye aliyekuwa akisafisha kaburi lake.

"Mimi nilikuwa mmoja wa watoto wale," alisema. "Nilikuwa na miaka sita. Nimeambiwa maisha yangu yote kwamba Daktari aliniokoa, na ni kweli aliniokoa. Sikuwahi kuuliza chupa yangu ilitoka kwa nani." Akakaa. Baada ya hapo hakuna aliyenung'unika.

Jumatatu mwandishi alibisha hodi dukani. Shangazi alimkaribisha, kisha akamuuliza mlango wa wodi ya nne ulifungukia upande gani. Hakujua. Akamuuliza Daktari alitumia mkono gani. Hakujua. "Basi kaa," Shangazi alisema, "tuna kazi." Mwandishi alikaa siku tatu mfululizo, koti amelivua, akiandika. Siku ya mwisho aliuliza alichokuwa akikizunguka tangu mwanzo.

"Mama, kwa nini hukusema miaka yote hii?"

"Mwanzoni niliogopa. Baadaye nilingoja kuulizwa. Baadaye tena nikazoea." Aligeuza uso kwenye mwanga wa dirisha. "Kuzoea ndiko kubaya kuliko yote."

Mchapishaji alikataa kukichapa kitabu upya, akisema nakala za kwanza bado zimejaa ghalani. Mwandishi akaandika ukurasa mmoja, akautia sahihi, na mkutubi akaubandika kwa gundi ndani ya nakala ya maktaba, sura ya tisa, pamoja na majina manane na nafasi moja iliyoachwa wazi. Bi Kurasa aliona ni kidogo, akamwambia hivyo. Mwandishi akasema hata yeye anaona ni kidogo.

Zilipita wiki nne. Asubuhi moja mwanamke wa makamo aliingia dukani. Hakuwa na kitambaa wala mtoto wa kupimwa. Alisema ameusoma ukurasa ule maktabani, mara ya kwanza kwa macho tu, mara ya pili kwa kidole. Baba yake alikuwa mwashi. Nyumbani waliambiwa alikufa njiani, kabla hajafika hospitali.

Bi Kurasa alitaka kumwandaa Shangazi kwanza, lakini Shangazi alikuwa amekwisha kusikia.

"Mlete hapa karibu," alisema.

Mwanamke alikaa kwenye kigoda, mkoba ameukumbatia. "Alikufa siku gani?"

"Siku ya tatu au ya nne. Siku ya tatu sikwenda, kwa hiyo sijui. Ningekwenda ningejua."

Mwanamke aliitikia kwa kichwa. "Alisema chochote?"

"Siku ya pili alikuja dirishani mwenyewe, akishikilia vitanda. Alikunywa kikombe kimoja, cha pili akampelekea yule kiziwi. Akaniuliza kama mvua imekatika. Alisema ameacha ukuta haujakauka, na mvua ikiendelea utabomoka, na yeye ameshalipwa nusu."

"Ukuta huo upo," mwanamke alisema. "Ni wa jirani yetu. Mama alikuwa akituonyesha." Akaanza kulia, si kwa sauti, machozi tu yakishuka hadi kwenye mkoba. Bi Kurasa alisogea kumshika bega, Shangazi akamwashiria kwa mkono asimguse.

"Sijui nikwambie nini, mama," mwanamke alisema baadaye. "Nimekuja na maneno makali. Nimetembea nayo njia nzima."

"Yaseme. Nitayasikiliza."

Alifungua kinywa, akakifunga. Nje mteja alibisha hodi, na Bi Kurasa akaenda mlangoni kumwambia arudi alasiri. Aliporudi aliwakuta vilevile, mwanamke ameinama, Shangazi amekaa wima, mikono juu ya magoti.

"Niambie tena," mwanamke alisema mwishowe. "Tangu mwanzo. Na hao wengine pia, mmoja mmoja. Nataka kujua alikuwa na kina nani."

Shangazi akavuta pumzi, akaanza na kitanda cha kwanza.