Mshenga Aliyefundwa na Wakorea

Mimi Efraimu nina mdomo. Mdomo wangu huanza safari kabla sijavaa viatu, na ndio huo ulioharibu posa ya Brayan.

Brayan ni mtoto wa marehemu kaka yangu, na mimi baba yake mdogo ndiye niliyebebeshwa ushenga. Tulienda Nanyala kwa mzee Manase kumposa binti yake wa pekee, Recho. Nikapewa kiti kizuri. Binti alipoleta chai, nikasema, "Eh, mzee! Kwa uzuri huu, hakika si wewe uliyemzaa!" Mwenzenu nilidhani nasifia. Mzee alikuwa amefiwa na mkewe mwaka juzi tu. Aliinuka, akatufungulia mlango, chai tukaiacha mezani.

Brayan hakunilaumu, na hapo ndipo paliponiuma. Alisema tu, "Baba mdogo, mzee amekubali turudi mara moja, ya mwisho. Na amesema aje huyohuyo aliyemtukana."

Mke wangu Conjesta akasema dawa ipo. Alikuwa na flashi kutoka Tunduma, tamthilia ya Kikorea iliyotafsiriwa, vipande kumi na sita. "Kaa hapa uone wanaume wenzio wanavyonyamaza," akaniambia. Mvua ilikuwa imetufungia ndani wiki nzima, shambani hakuingiliki. Nikakaa.

Jamani! Kipande cha kwanza mzee mmoja alimenya viazi. Basi. Hakuna aliyepigwa risasi, hakuna tajiri aliyepoteza kumbukumbu. Alipomaliza kuvimenya, akaviangalia. Hata mtafsiri, ambaye kazi yake ni kusema, aliishiwa maneno, nikamsikia anakohoa, kisha akasema, "Naam, mzee bado yupo na viazi." Nikaifokea televisheni: "Ongea, wewe! Si una binti hapo!"

"Nyamaza," akasema Conjesta. "Anayefundishwa hapa ni wewe, si yeye."

Kufika kipande cha tano nilikuwa nimeacha kufoka. Cha tisa, jirani alikuja kuazima jembe, nikamwambia asubiri kwanza, mzee anafikiri. Cha kumi na sita nililia, mwanaume mzima, mjumbe wa kamati ya ujenzi wa kanisa, nikasingizia vitunguu na jikoni hakukuwa na mtu.

Basi nikaamua kwamba Nanyala nitakwenda Kikorea.

Tulifika Jumamosi saa nne asubuhi. Mzee Manase alikaa na dada yake, mama Marita. Brayan alikaa kando yangu. "Haya mshenga," akasema mzee, "mmekuja na neno gani safari hii?"

Sikujibu. Niligeukia dirishani, nikayaangalia mawingu kwa utulivu, nikavuta pumzi. Moyoni najipongeza: leo Efraimu umekuwa mtu. Mama Marita akakohoa. Nikaendelea na mawingu yangu.

Sasa nani asiyejua kwamba kwetu mshenga akiulizwa neno akanyamaza, hakuna anayemwita mpole? Watu wanajua ana habari mbaya na anaona haya kuitoa. Wakorea hawakunikumbusha hilo, na mimi mjinga sikujikumbusha.

"Basi," akasema mzee Manase taratibu, "tumeelewa. Kijana amejitoa."

Jikoni Recho akaangua kilio.

"Hapana, mzee!" Nilijikuta niko chini, magoti sakafuni. "Hajajitoa! Ni mimi mpumbavu, nimejifunza kunyamaza kwenye televisheni!" Nikamwaga yote, Conjesta, flashi, viazi. Mama Marita alijiziba mdomo kwa kanga, sijui kwa hasira au kwa kicheko. "Yule mzee alikuwa na binti mmoja, mzee wangu. Akamwoza. Kipande cha mwisho amerudi nyumbani kutoka harusini, akatoa mabakuli mawili, akakumbuka, akarudisha moja kabatini. Nikakufikiria wewe. Siku ile nilikuja hapa nikicheka, kumbe nimekuja kuchukua nusu ya nyumba. Nisamehe, baba."

Mzee Manase aliangalia mikono yake. Nilitaka kuongeza neno, Mungu ni shahidi wangu, lakini zamu ilikuwa yake.

"Mkwewe hakuwa anakuja kumwona?" akauliza.

"Hawakuonyesha, mzee."

"Huyu wenu atakuja. Kila Jumapili baada ya ibada, yeye na Recho, waje wale chakula hapa."

"Nitakuja, baba," akasema Brayan. Jikoni kilio nacho kikakoma.

Mzee akanigeukia. "Na Jumapili watakayoshindwa wao, uje wewe mshenga. Mke wangu ndiye aliyekuwa msemaji humu ndani."